Kuiendesha Kamera kwa Amri za Kompyuta: Ushauri kwa Wanaohifadhi Picha Alum Rock

Kamera ya dijitali iliyounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB inaweza kupokea amri zilizoandikwa, ikabadilisha mipangilio yake, ikapiga picha na kukabidhi faili bila mkono wa mtu kuigusa. Programu inayotumika sana kwa kazi hiyo ni gphoto2. Huendeshwa kwenye dirisha la amri, lile dirisha lisilo na vitufe vya kubofya, ambamo mtumiaji huandika mstari mmoja na kompyuta ikajibu kwa mstari mwingine. Nyuma yake iko maktaba ya programu iitwayo libgphoto2, inayozifahamu aina zaidi ya 2,500 za kamera na ambayo kwa miaka mingi imetunzwa na Marcus Meissner akisaidiana na wachangiaji wengine. Zote mbili ni za bure na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu.

Kamera na kompyuta huelewana kwa utaratibu uitwao PTP, uliosajiliwa kimataifa kama kiwango cha ISO 15740. Utaratibu huo ulibuniwa kwa ajili ya kuhamisha picha, kisha watengenezaji kama Canon, Nikon na Sony wakaongeza amri zao wenyewe juu yake. Ndiyo maana amri moja hufanya kazi vizuri kwenye kamera hii na kukataliwa na ile, hata kama zote mbili ni za bei kubwa.

Kwa picha moja ya sikukuu, njia hii ni usumbufu mtupu. Faida yake huonekana pale picha ya mia mbili inapotakiwa kufanana na ya kwanza, au kazi ya leo inapotakiwa kuendelezwa mwezi ujao kwa mwanga ule ule na rangi zile zile. Mipangilio iliyowekwa kwa vidole husahaulika. Iliyoandikwa kwenye faili hubaki, na mtu mwingine anaweza kuisoma, kuirudia na kuirekebisha.

Alum Rock ni mtaa ulio kama maili 2 mashariki ya katikati ya Birmingham, Uingereza. Wakazi wake wengi wana asili ya Pakistan, hasa Kashmir, na barabara yake kuu, Alum Rock Road, imejaa maduka ya vitambaa, mavazi ya harusi na dhahabu. Jiji la Birmingham lilipokea pia Waasia waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 na Uganda mwaka 1972, na baadaye Wasomali, wengine wao wakiwa wamepitia Kenya. Katika nyumba na maduka ya watu hawa kazi mbili za picha hujitokeza mara kwa mara. Ya kwanza ni kunakili picha na karatasi za zamani zilizosafiri ndani ya masanduku: picha za studio, vyeti vya ndoa, pasipoti zilizokwisha muda, barua. Ya pili ni kupiga picha za bidhaa zinazouzwa mtandaoni. Zote mbili ni kazi za wingi na za kurudia, na ndizo zinazofaidika zaidi na amri zilizoandikwa.

Kamera inayofaa ni ile yenye lenzi ya kubadilishwa, na haihitaji kuwa mpya. Kamera nyingi za Canon EOS na Nikon za tangu katikati ya miaka ya 2000 hukubali kupiga picha kwa amri ya kompyuta, na zilizotumika hupatikana kwa bei nafuu. Kamera nyingi ndogo za mfukoni hukubali kutoa picha zilizomo kwenye kadi tu, hazikubali kuamriwa zipige. Simu za Android nazo haziwezi kuendeshwa na gphoto2 kwa kupiga picha, ingawa programu nyingine iitwayo adb inaweza kufungua kamera ya simu, kubonyeza kitufe cha sauti ambacho kwa simu nyingi hufyatua, na kuvuta picha hadi kwenye kompyuta. Njia hiyo inatosha kwa kujifunza, lakini haimpi mtumiaji mamlaka ya kweli juu ya mwanga na rangi.

Kabla ya kununua kamera iliyotumika, ni vyema kuiunganisha na kompyuta na kuiuliza yenyewe inaweza nini:

gphoto2 --auto-detect
gphoto2 --abilities

Amri ya kwanza huonyesha jina la kamera na mlango ilimochomekwa. Ya pili hueleza iwapo inakubali kupiga picha, kuonyesha taswira ya moja kwa moja, kufuta na kupokea mafaili. Muuzaji anayekataa jaribio hilo la dakika mbili anafaa kuachwa.

Kuweka programu ni jambo jepesi kwenye Linux na Mac. Kwenye Ubuntu, Debian na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi huandikwa `sudo apt install gphoto2`, na kwenye Mac yenye Homebrew huandikwa `brew install gphoto2`. Windows ni habari nyingine. Huko gphoto2 hudai kubadilisha draiva ya kamera, jambo linaloweza kuizuia kamera isionekane tena na programu za kawaida. Mwenye Windows anafanya vizuri zaidi kutumia digiCamControl, programu ya bure yenye sehemu yake ya amri iitwayo CameraControlCmd, au kutafuta kompyuta kuukuu na kuiwekea Linux. Mpakato wa miaka kumi iliyopita unatosha kabisa, kwa sababu kazi nzito hufanywa na kamera.

Waya nao una umuhimu wake. Kiwango cha USB 2.0 huruhusu waya wa kawaida usiozidi mita 5, na mrefu zaidi ya hapo huleta mikatiko isiyoeleweka. Baadhi ya nyaya zinazouzwa kwa ajili ya kuchaji simu hazina nyuzi za data ndani yake, na kamera iliyounganishwa nazo haitaonekana kamwe. Kwenye menyu ya kamera, kuunganishwa kwa USB kuwekwe kwenye PTP, au kwa Sony kwenye chaguo la PC Remote. Kamera iliyowekwa katika hali ya kuonekana kama diski ya kawaida haitapokea amri ya kupiga. Kwenye kamera nyingi za Canon, Wi-Fi izimwe kwanza, la sivyo mlango wa USB hufungwa.

Kikwazo kinachowakatisha tamaa wengi huja sasa. Kamera inaonekana kwenye orodha, lakini amri ya kwanza ya maana inarudisha ujumbe kwamba programu imeshindwa kukitwaa kifaa cha USB. Kamera haijaharibika. Kompyuta yenyewe, kwa nia njema, imekwisha kuishika ili kumwonyesha mwenye kompyuta picha zake, na kamera haiwezi kutumikia mabwana wawili. Kwenye Ubuntu wanaoishika ni gvfs-gphoto2-volume-monitor na gvfsd-gphoto2. Huondolewa hivi:

pkill -f gvfs-gphoto2-volume-monitor
pkill -f gvfsd-gphoto2

Kwenye Mac za zamani mhusika huitwa PTPCamera, na kwenye mpya ptpcamerad. Huyu wa pili ana tabia ya kurudi mara tu anapoondolewa, kwa hiyo amri ya kumwondoa na amri ya gphoto2 ziandikwe kwenye mstari mmoja ili ya pili ifuate papo hapo. Kwenye Raspberry Pi isiyo na mandhari ya madirisha tatizo hili halipo, na hiyo ni sababu nzuri ya kuitumia kwa kazi ya kudumu.

Kamera ikishapatikana, hatua inayofuata ni kuisoma. Amri `gphoto2 --list-config` hutoa orodha ndefu ya kila kitu kinachoweza kuulizwa au kubadilishwa. Majina hutofautiana: upenyo wa lenzi huitwa aperture kwenye Canon na f-number kwenye Nikon. Kila jina linaweza kuulizwa thamani zake:

gphoto2 --get-config iso
gphoto2 --get-config shutterspeed
gphoto2 --get-config whitebalance

Jibu huonyesha thamani iliyopo na zote zinazokubalika. Thamani huwekwa kwa `--set-config`, kwa mfano `--set-config iso=100`. Kitasa cha juu ya kamera kiwe kwenye M, yaani hali ya mkono, kwa sababu katika hali nyingine kamera hujiamulia yenyewe na kuikataa amri au kuikubali kisha isiifuate. Fokasi iwekwe kwa mkono kwenye lenzi. Kamera inayotafuta fokasi kila mara hushindwa mbele ya karatasi nyeupe isiyo na alama, na ikishindwa haipigi.

Amri za kupiga ni mbili za kukumbuka. `--capture-image` hupiga na kuiacha picha kwenye kamera. `--capture-image-and-download` hupiga na kuileta kwenye kompyuta. Mwenye Canon aangalie pia capturetarget, ambayo huamua kama picha inakwenda kwenye kadi au kwenye kumbukumbu ya muda ya kamera. Kwa kazi isiyoweza kurudiwa, kadi ichaguliwe na chaguo la `--keep` liongezwe, ili nakala moja ibaki kwenye kadi hata kompyuta ikizimika ghafla. Wapo wanaopenda kubonyeza kitufe cha kamera wenyewe huku picha zikimiminika kwenye kompyuta. Hao hutumia `--capture-tethered`, na kwa mpiga picha za harusi au za watoto hiyo ndiyo njia ya busara.

Majina ya mafaili yaamuliwe kabla ya picha ya kwanza. Bila maelekezo, picha hupewa jina lile lile kila programu inapoanzishwa, na swali la kufuta iliyotangulia hujitokeza. Jina lenye tarehe na saa huondoa hatari hiyo:

gphoto2 --filename "%Y%m%d-%H%M%S.%C" --capture-image-and-download

Alama ya %C huweka kiambishi sahihi cha aina ya faili, hivyo kamera inayotoa faili ghafi (RAW) na JPEG kwa pamoja haitazigonganisha. Saa ya kamera yenyewe nayo isahihishwe. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na kamera nyingi hazina habari.

Kunakili albamu ya familia ndiko kunakostahili subira zaidi. Picha za zamani za Zanzibar, Mombasa au Kampala zilipigwa na watu waliojua kazi. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilitoa picha za nyeusi na nyeupe zenye undani ambao kamera ya simu iliyoshikwa juu ya meza huuharibu kwa kivuli na mng'ao wa taa. Kamera ya pikseli milioni 24 hutoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000. Ikijazwa na picha ya sentimita 15 kwa 10, kila sentimita hupata pikseli 400, kiasi kinachotosha kuichapa upya kwa ukubwa mara tatu bila kupoteza uzuri. Ukurasa wa A4 hupata pikseli 190 hivi kwa sentimita, nazo zinatosha kusoma hata maandishi madogo ya muhuri wa uhamiaji.

Nyumba nyingi za mitaa ya zamani ya Birmingham ni za kuungana, zenye sebule ndogo mbele na sakafu za mbao ghorofani zinazotikisika mtu anapotembea. Kwa hiyo kamera iwekwe kwenye sebule ya chini, si ghorofani, juu ya stendi imara inayoweza kuielekeza wima kwenye meza. Kuhakikisha kwamba lenzi imeelekea meza sawasawa, kioo kidogo cha mkononi hulazwa pale karatasi itakapokaa, kisha taswira huangaliwa kwa `gphoto2 --capture-preview`. Lenzi ikijiona katikati kabisa ya picha, kamera imenyooka. Hakuna kipimo cha bei kubwa kinachoushinda ujanja huu.

Dirisha halifai kutegemewa kwa mwanga. Mwezi wa Desemba urefu wa mchana wa Birmingham ni kama saa nane tu, na mawingu hubadilisha rangi ya mwanga kila dakika chache. Taa mbili za aina moja ziwekwe kulia na kushoto, kila moja ikiwa katika pembe ya nyuzi 45 hivi kuelekea meza, pazia lifungwe, na taa ya dari izimwe. Umeme wa Uingereza hupigapiga mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za LED za bei rahisi humetameta nao. Kasi ya shata iliyo ya juu huuona mmetameto huo kama mistari ya giza. Kasi ya 1/4 ya sekunde huufuta kabisa, na kwa kuwa hakuna mkono unaoigusa kamera, picha haitikisiki. Usawa wa rangi nyeupe ufungwe kwenye thamani moja, na picha ya kwanza ya kila kikao iwe ya kadi ya kijivu au karatasi nyeupe safi, ili rangi ziweze kusahihishwa baadaye zote kwa pamoja.

Mipangilio yote hukusanywa kwenye faili moja la skripti. Mfano huu ni wa Canon, nao huuliza jina la kila picha kabla ya kupiga:

#!/bin/bash
gphoto2 --set-config iso=100 --set-config aperture=8 --set-config shutterspeed=1/4
while read -p "Jina la picha: " jina; do
  gphoto2 --keep --filename "$jina-%H%M%S.%C" --capture-image-and-download
done

Mtu mmoja hupanga picha mezani, mwingine huandika jina na kubonyeza Enter. Jina liwe na herufi, namba na vistari tu, kwa mfano harusi-mombasa-1964, bila mkwaju. Ctrl na D hufunga kazi. Kamera isiyo Canon itahitaji majina yake yenyewe kwenye mstari wa pili, yale yaliyoonekana kwenye orodha.

Swali ambalo skripti huuliza ndilo lenye thamani kubwa kuliko picha yenyewe. Programu inaweza kuandika saa, lenzi na kasi ya shata, lakini haiwezi kujua kwamba msichana aliyesimama nyuma ya bibi harusi ni shangazi fulani alipokuwa mdogo, au kwamba duka linaloonekana lilikuwa Biashara Street, Mombasa. Mzee anayejua akae karibu na kibodi. Maelezo marefu yaandikwe baadaye ndani ya faili kwa exiftool, programu ya Phil Harvey, ambayo kwa kawaida huacha nakala ya faili la awali kabla ya kuongeza chochote. Nyuma ya picha nako kupigwe kila mara, hata panapoonekana patupu. Muhuri wa studio, namba ya oda na maandishi ya penseli huko nyuma ndiyo huthibitisha mwaka na mji pale kumbukumbu za watu zinapopingana.

Kazi ya aina hii imekwisha kufanywa kwa kiwango kikubwa katika pwani ya Kenya. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha za dijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa hazina zilizo hatarini, na picha hizo sasa zinasomwa na watafiti walio mbali na kisiwa, huku vitabu vyenyewe vikibaki Lamu. Familia ya Alum Rock yenye masanduku mawili inaweza kufuata kanuni ile ile: karatasi isiondoke mikononi mwa mwenyewe, picha iwe ndiyo inayosafiri.

Kwa mwenye duka la mavazi mambo ni mafupi zaidi. Rangi ya kitambaa ndiyo mali yake. Mteja wa mtandaoni nchini Uingereza ana haki, chini ya kanuni za mwaka 2013, ya kughairi ununuzi ndani ya siku 14 baada ya kupokea bidhaa isiyoshonwa kwa vipimo vyake, na vazi lililoonekana la zambarau kwenye skrini likafika la buluu halitakaa. Kona moja ya duka itengwe, taa mbili zisihamishwe, skripti moja itumike kwa kila vazi, na hata msaidizi asiyejua kamera atatoa picha zinazofanana. Mapambo ya dhahabu ni magumu zaidi kwa sababu huakisi chumba kizima. Hayo huzungushiwa karatasi nyeupe pande zote, lenzi ikichungulia kwenye tundu.

Matumizi mengine ni picha za vipindi, zinazounganishwa kuwa video ya muda uliofupishwa. Amri ni moja:

gphoto2 --filename "%Y%m%d-%H%M%S.%C" --interval 10 --frames 360 --capture-image-and-download

Hiyo hupiga picha kila baada ya sekunde 10, jumla 360 kwa saa moja. Kwa mwendo wa picha 25 kwa sekunde, saa hiyo nzima inakuwa video ya sekunde 14 na kidogo, inayounganishwa kwa programu ya ffmpeg. Mwenye kufikiria kupiga siku nzima ya Eid au ujenzi wa ghorofa afanye hesabu hii kwanza, kwa sababu betri ya kamera haitafika jioni. Betri bandia inayochomekwa kwenye umeme wa nyumbani hutatua shida hiyo, na kipengele cha kamera kujizima kizimwe kwenye menyu.

Hapo ndipo jambo linapobadilika sura, kwa maana kamera inayojipiga yenyewe, iliyoelekezwa barabarani, hupiga watu. Alum Rock ina historia yake katika hilo. Mwaka 2010 ilibainika kwamba zaidi ya kamera 200 zilikuwa zimewekwa Washwood Heath, eneo la udiwani ambamo Alum Rock ilikuwamo wakati huo, na Sparkbrook, sehemu mbili zenye Waislamu wengi. Nyingi zilikuwa za kusoma namba za magari, na baadhi zilifichwa. Mradi huo, ulioitwa Project Champion, uligharimiwa kwa takriban pauni milioni 3 kutoka kwenye fungu la kupambana na ugaidi, ilhali mtaani ulitangazwa kama hatua ya kawaida ya kupunguza uhalifu. Ulisimamishwa Juni 2010, ripoti ya Sara Thornton, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Thames Valley, ikaukosoa vikali mwaka huo huo, na kamera zikaondolewa mwaka 2011. Wakazi hawajasahau. Kamera iliyo dirishani juu ya duka, ikifyatuka kila baada ya sekunde 10 bila mtu nyuma yake, huamsha kumbukumbu hiyo, na mwenye kuiweka hawezi kudai kwamba majirani wana wasiwasi wa bure.

Sheria nayo ina neno. Kupiga picha mahali pa hadhara si kosa Uingereza, lakini ofisi ya kamishna wa habari ya nchi hiyo inaeleza kwamba kamera ya usalama ya nyumbani inayonasa nje ya mipaka ya nyumba humweka mwenyewe chini ya sheria ya ulinzi wa data. Kwa hiyo kamera ya vipindi ielekezwe angani, kwenye jengo au ndani ya uwanja wa mwenyewe, na pale ambapo barabara lazima ionekane, tangazo libandikwe, majirani waambiwe, na picha zisizohitajika zifutwe mapema.

Birmingham ina mfano mwingine ulio bora wa kamera inayoendeshwa kwa mbali. Mwaka 1979, huko Handsworth, wapiga picha Derek Bishton, Brian Homer na John Reardon waliweka pazia jeupe na kamera kando ya Grove Lane, wakamkabidhi kila aliyetaka waya wa kufyatulia ajipige mwenyewe. Zaidi ya watu 500 walifanya hivyo. Skripti iliyoandikwa hapo juu inaweza kurudia jambo lile lile katika ukumbi wa jumuiya, msikitini siku ya sherehe au katika ua wa shule: kompyuta hubaki na fundi, kibodi ndogo isiyo na waya hupewa anayepigwa, naye hubonyeza Enter akiwa tayari. Kati ya namna zote za kutumia amri hizi kwa watu, hiyo ndiyo yenye heshima zaidi, kwa kuwa anayepigwa ndiye anayeamua.

Kazi ikimalizika, mafaili yanahitaji ulinzi. Picha ghafi 500 za kamera ya pikseli milioni 24 huchukua gigabaiti 12 hadi 15, kiasi kidogo kwa diski za leo, hivyo hakuna sababu ya kubakiza JPEG peke yake. Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja katika nyumba nyingine, ikiwezekana mji mwingine. Amri `sha256sum * > alama.txt` huandika alama ya utambulisho ya kila faili, na `sha256sum -c alama.txt` huthibitisha miaka baadaye kwamba hakuna hata moja lililoharibika. Orodha hiyo pamoja na skripti yenyewe zihifadhiwe ndani ya folda ya picha, ili atakayeifungua ajue kilichofanyika.

Kwa mwenye muda mchache, mpangilio wa kazi ni huu: picha za rangi za miaka ya 1970 zitangulie, kwa sababu rangi zake hufifia na kugeuka nyekundu hata zikiwa ndani ya albamu iliyofungwa. Zifuate karatasi zilizokunjwa, ambazo hukatika kwenye mikunjo. Picha za nyeusi na nyeupe zilizooshwa vizuri studioni zinaweza kusubiri.